Umepewa mradi uongoze? Jinsi ya kushirikisha chifu, kamati, kaunti na mfadhili bila mtu kuachwa nje

Karibu kila wiki napigiwa simu na mtu ameanza kazi kwa CBO (kikundi cha jamii) ama NGO, wengine wako Kisumu, wengine Siaya na Busia, wengine Nakuru, na maswali ni yale yale. Chifu amekasirika nifanyeje. MCA, yaani mwakilishi wa wodi kwa bunge la kaunti, anataka jina lake liandikwe kwa tangi. Tukiita mkutano watu wanauliza nauli ni ngapi hata kabla ya kuuliza ajenda. Mfadhili anataka ripoti Ijumaa na kamati haijakaa tangu Pasaka. Nimeyajibu kwa simu mpaka nikaona afadhali niandike mara moja usome pole pole, halafu ukikwama ndio unipigie.

Hii kazi nimeifanya zaidi ya miaka kumi, sanasana miradi ya maji na afya, na ugomvi mwingi nimeona ulianza kwa njia moja: mtu alisikia habari za mradi kutoka kwa mtu wa boda. Angeisikia kutoka kwako, mapema, akiwa amekaa kwake, angekubali hata kama mradi hauko vile angetaka. Karibu kila kitu hapa chini kinazunguka hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Cheti cha usajili na kopi kama tano. Kama ni kikundi cha jamii, ofisi yenu ni ya maendeleo ya jamii hapo sub-kaunti, sheria ni ile ya vikundi vya jamii ya 2022, na lazima mfike watu 10. Kama ni NGO ujue sheria ilibadilika, ile ya 1990 iliondoka na ile ya mashirika ya manufaa ya umma ya 2013 ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Kuna watu bado wanatembea na makaratasi yanataja bodi ya zamani, kwa ofisi ya kaunti hiyo inakuangusha mapema.
- Barua ya kujitambulisha yenye muhuri na namba ya simu inayopokelewa.
- Karatasi moja tu ya kueleza mradi, kwa Kiswahili cha kawaida. Tunafanya nini, wapi, kwa nani, mpaka lini, pesa inatoka wapi. Kama hauwezi kuieleza kwa ukurasa mmoja bado haujaielewa, rudi usome tena.
- Kauntabuku ya kwaya mbili. Kompyuta ni sawa lakini stima ikipotea, ama laptop ikienda na mtu aliyehamia shirika lingine, kauntabuku ndio inabaki.
- Laini ya simu ya mradi, sio yako. Ukiondoka laini inabaki na watu hawapotei.
- Kalenda kubwa ya ukutani.
- Pesa ya kuzunguka. Hii wengi husahau kuiweka kwenye bajeti wakati wa kuandika pendekezo la mradi, halafu mratibu anaanza kutumia mshahara wake kulipa boda, na baada ya miezi mitatu ameacha kutembelea watu. Iandike kwa mstari wake, usiifiche chini ya "mengineyo."

Hatua ya 1: Orodhesha watu kwa miguu

Ukikaa ofisini uandike washikadau utaandika wenye vyeo tu: chifu, MCA, ofisa wa afya, mchungaji, mfadhili. Hao ni muhimu lakini si wote. Chukua siku mbili utembee pale mradi utakuwa. Uliza kila mtu unayekutana naye swali moja, hapa kukiwa na jambo, watu husikiliza nani? Jina likitajwa mara tatu na watu tofauti, liandike hata kama huyo mtu hana cheo chochote.

Mfano ni kisima. Watu wa kwenye orodha ya ofisi utawajua. Sasa ongeza wenye shamba ambalo njia ya kwenda kisimani itapita, vijana wanaouza maji kwa mkokoteni ambao kisima kitawaharibia biashara, fundi wa pampu wa soko lenu, walimu wa shule iliyo karibu, akina mama wa samaki ambao wanahitaji maji alfajiri, mtu anayetembea kwa kiti cha magurudumu, na CHP, yule wa afya ya jamii anayezunguka nyumba kama 100 na anajua nani ni mgonjwa na nani hana choo. Huyo CHP usimuache kabisa, kuna mambo ya kijiji anayajua ambayo hakuna ofisi inayo.

Kwa kauntabuku kila jina lipe ukurasa wake na ujibu haya:

a) Anataka nini kwa huu mradi?
b) Anaogopa atapoteza nini?
c) Akikasirika anaweza kusimamisha nini?
d) Yeye husikiliza nani?

Swali la b ndilo wengi huruka na ndilo linakuokoa. Wale vijana wa mikokoteni hawachukii maji safi. Wanaogopa kukosa shilingi 400 ya siku. Ukijua hilo mapema unaweza kuwapa kazi ya kubeba maji kwa wazee na wagonjwa kwa bei mliyokubaliana na kamati, na ukilijua ukiwa umechelewa utakuta mfereji umekatwa usiku.

Angalia: ukiwekea watu alama za "mwenye nguvu" na "asiye na nguvu" usizichonge kwa jiwe. Hizo alama zinabadilika na msimu.

Hatua ya 2: Pita kwa kila mmoja kwake, kabla ya mkutano wowote

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndio watu wanaumia.

Tulikuwa na mradi wa maji upande wa Kano, huku Kisumu. Tulipita kwa chifu, kwa ofisi ya maji ya kaunti, kwa MCA, makanisa matatu, familia iliyotoa ardhi ikasaini. Tukaona tumemaliza. Mzee wa kijiji cha jirani hatukupita kwake kwa sababu kwenye ramani kisima kilikuwa upande huu wa mpaka, ila watu wake ndio wangekunywa hayo maji na lori ya kuchimba ingepita kwa barabara yao. Asubuhi lori imefika nikaitwa. Nilimkuta mzee amekaa katikati ya barabara kwa kiti cha plastiki, fimbo imelala juu ya magoti, redio ndogo iko chini karibu na mguu wake inaongea. Hakupiga kelele. Dereva alikuwa ameshazima injini. Nikasalimia, akaitikia, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kijana, mngenisalimia tu." Hakuongeza neno. Lori ilirudi, na siku mbili za lori tulilipia bure, na ilituchukua wiki sita kwenda na kurudi kwa huyo jaduong' ndio kazi ianze. Mfadhili alitaka maelezo ya maandishi na mimi ndiye niliandika, na haikuwa rahisi kuandika kwamba tulisahau kusalimia mtu.

Kwa hivyo sasa nafanya hivi:

1. Anza na naibu wa chifu na chifu, wiki moja, usimruke mmoja uende kwa mwingine. Upande wa Waluhya uliza liguru (mzee wa mtaa) ni nani, kwa Waluo uliza mzee wa kijiji, na Nyumba Kumi pia usiwasahau.
2. Ndani ya wiki hiyo hiyo fika kwa afisa wa wodi na kwa MCA. Wiki hiyo hiyo, nasisitiza, kwa sababu chifu ni wa serikali ya kitaifa na hawa wawili ni wa kaunti, na kila mmoja huangalia ulianza kwa nani na ulikaa siku ngapi kabla ya kuja kwake.
3. Kisha ofisi za kaunti zinazohusika, maji, afya, kilimo, chochote kile. Uliza kama hilo jambo liko kwenye mpango wao wa mwaka, unaweza kukuta wameliweka tayari mahali pale pale na nyinyi mnataka kurudia.
4. Kisha vikundi vya akina mama, vijana, watu wenye ulemavu, makanisa na misikiti.
5. Mwisho nenda kwa yule unayejua hakupendi ama alikuwa na mradi wa zamani ukakufa. Huyu mpe muda mrefu kuliko wote.

Ukifika, mambo matatu tu: jitambulishe na useme nani alikutuma, soma ile karatasi moja, halafu uliza "wewe ungefanyaje?" na unyamaze. Uandike anachosema, akuone unaandika. Ukiondoka mwambie lini atasikia tena kutoka kwako, na hiyo siku ikifika umpigie simu.

Onyo: usiahidi kitu kwa ziara ya kwanza. "Tutaangalia" ukisema kwa mzee yeye husikia "tutafanya." Sema wazi, "Hiyo sina uwezo wa kuamua, nitaipeleka kwa kamati na nitarudi Alhamisi na jibu, hata kama jibu ni hapana."

Hatua ya 3: Chagua siku kama mtu anayeishi hapa

Chukua ile kalenda ya ukutani na uanze kufuta.

Futa Ijumaa na Jumamosi sehemu nyingi za huku, watu wako kwa matanga. Jumamosi pia ni Sabato ya Waadventista na huku ni wengi, ukiweka mkutano Jumamosi umewafungia nje bila kujua. Ijumaa mchana upande wa Mumias ni ya msikiti. Futa siku ya soko la karibu, kwa mfano ukifanya kazi na wauza nguo wa Kibuye usiwaite Jumapili maana hiyo ndio siku yao kubwa. Futa wiki za kupanda, mvua ya Machi ikianza hakuna mtu atakaa chini ya mti akusikilize, na kule Budalang'i na Nyando mvua ikizidi watu wanahama kwa sababu ya mafuriko, mkutano wako si kitu. Futa wiki ya kufungua shule, wazazi wanatafuta karo.

Utabaki na Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Zinatosha.

Kisha weka tarehe za serikali, maana ukitaka kaunti iweke pesa lazima uende wakati pesa inapangwa. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mpango wa mwaka wa kaunti unafika kwa bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, karatasi ya mkakati wa fedha kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Ukienda Mei kuomba kioski cha maji watakusikiliza vizuri na hakuna kitu kitatokea. Peleka kamati yako kwa kikao cha wananchi Julai na Agosti, hapo ndio mambo yanaingia.

Saa nayo ni muhimu. Saa nne asubuhi mama amerudi kutoka shambani ama sokoni, na saa saba amalize aende apike.

Hatua ya 4: Endesha mkutano mkubwa

Ukifanya hatua ya 2 vizuri, mkutano utakuwa mwepesi kwa sababu hakuna mtu anasikia kitu kipya. Mkutano si wa kutangaza, ni wa kuthibitisha mbele ya watu wote yale ulisikia nyumba kwa nyumba.

1. Panga viti duara ama nusu duara. Meza ya wageni mbele na watu wengine wamekaa kwa nyasi, hapo umeshaamua nani ataongea.
2. Lugha. Uliza mapema. Kijijini Kano utaongea Dholuo na mkalimani wa Kiswahili kwa wageni. Nakuru mjini, Kaptembwo ama Bondeni, tumia Kiswahili tu mwanzo mpaka mwisho, kila kabila liko hapo, na ukiteleza kidogo kwa lugha yako kuna mtu anahesabu. Baada ya yale mapigano ya kikabila ya baada ya uchaguzi, 2008, watu wa Nakuru wana masikio makali kwa jambo hilo na wana haki. Kama kuna kiziwi tafuta mkalimani wa ishara, usimwambie mtoto wake amtafsirie.
3. Chifu afungue, asiendeshe. Mwambie mapema kwa heshima, "Chifu, tutakuomba utufungulie na utufungie, katikati tuachie mwenyekiti." Wengi wanakubali wakiambiwa kabla.
4. Wagawe kwa vikundi vidogo dakika 30: akina mama peke yao, vijana peke yao, wazee peke yao, halafu kila kikundi kilete maneno yake. Usianze na wazee kuripoti. Mzee akishasema, kijana hatampinga mbele ya watu.
5. Mwisho soma maamuzi yote kwa sauti, moja moja, nani atafanya na lini, kabla mtu yeyote hajasimama kwenda kwa chakula. Saini hapo hapo.

Nikuonyeshe kwa nini nambari 4 siachi. Mkutano mmoja wa kioski cha maji wote tulikuwa tumekubaliana kioski kifunguliwe saa mbili asubuhi na kifungwe saa kumi na moja jioni. Wanaume wamekubali, kamati imekubali, ofisa wa maji amekubali, mimi nimeshaandika. Vikundi vikirudi, mama mmoja akasimama nyuma kabisa, mtoto amemfunga mgongoni, anamtikisa tikisa asilie, akasema kwa sauti ya chini kwamba wasichana wao wanachota maji saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla ya shule, na kioski kikifunguliwa saa mbili watarudi mtoni. Kukawa kimya. Hakuna mwanaume hata mmoja kati yetu, mimi nikiwemo, alikuwa amefikiria nani anabeba mtungi na saa ngapi. Tukabadilisha, kioski kikafunguliwa saa kumi na moja alfajiri, na mwenye kuuza maji akapewa zamu mbili. Kama tungepiga kura ya mikono pale mwanzo huyo mama hangesema.

Hatua ya 5: Pesa iseme mbele ya wote

Bandika bajeti kwa ukuta. Naam, bajeti. Sio lazima mishahara ya kila mtu kwa jina, lakini pesa ya kisima, ya mafunzo, ya usafiri, ya ofisi, watu waione. Uvumi hukua mahali hakuna karatasi.

Nauli iwe sawa kwa wote waliotoka mahali pamoja, itangazwe mwanzo wa mkutano, ilipwe kwa M-Pesa na watu wasaini. Kama ofisa wa serikali ana kiwango chake malizana naye kwa barua kabla ya siku, na uiandike, usimpe bahasha nyuma ya gari watu wakiangalia. Wanaangalia.

Hatua ya 6: Andika nani anaamua nini

Ukurasa mmoja. Kamati inaamua saa za kufungua na bei ya mtungi. Ofisi ya maji inapima maji na kusema kama ni salama. Mfadhili anaidhinisha mabadiliko ya bajeti. Mratibu, yaani wewe, hauamui bei. Wote wasaini na kila mmoja apate kopi.

Kwa kuchagua kamati tumia kipimo cha Katiba ya 2010, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili. Katiba inaongea juu ya nafasi za umma lakini kikundi chenu kikiiweka kwa katiba yake mwenyewe hakuna mtu atabishana. Na usiweke mama kuwa mhazini peke yake ndio useme kuna usawa, awe na sauti ya mwenyekiti pia.

Hatua ya 7: Mfadhili na bodi ni washikadau pia, waongoze nao

Vijana wengi wanaogopa mfadhili. Wanampa habari nzuri tu, halafu mwisho wa robo mwaka ukweli unatoka wote pamoja. Habari mbaya mpe ndani ya siku tatu, kwa aya moja: nini kilitokea, tumefanya nini, tunaomba nini. Nimemwambia mfadhili jamii imekataa mahali alipotaka kuweka bango na hakuondoka, aliuliza maswali mawili akakubali.

Upande wa pili, waambie watu ukweli juu ya mfadhili pia. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, huku kwetu ambako miradi mingi ya HIV ilikuwa inategemea pesa ya USAID, watu walirudishwa nyumbani ghafla na wagonjwa wakabaki wanauliza dawa watachukulia wapi. Niliona tofauti kati ya mashirika. Yale yaliita CHP na wagonjwa wakaambiwa "hiki tunajua, hiki hatujui, mkachukulie dawa hospitali ya serikali hii hapa" yalibaki na heshima. Yale yaliyofunga geti na kuzima simu, mpaka leo watu wake wakitaka kurudi kijijini hawapokelewi. Kwa hivyo tangu mwezi wa kwanza wa mradi sema unaisha lini na nani ataushika.

Hatua ya 8: Rudisha majibu

Kila mwezi, kitu kidogo. Dakika kumi kwa baraza la chifu, karatasi kwa ukuta wa zahanati, ujumbe wa sauti wa dakika moja kwa grupu ya WhatsApp (ujumbe wa sauti ni muhimu kwa wasiosoma). Ukiweza pata dakika tano Ramogi FM ama Mulembe FM, mzee asiyekuja kwa mikutano atakusikia akiwa shambani.

Picha za watu usirushe ovyo. Kuna sheria ya kulinda data ya 2019, mtu akubali kwanza, na mtoto mzazi akubali. Picha ya mtoto uchi akichota maji kwenye ripoti, hapana, hata kama mfadhili anaipenda.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kufanya mtu mmoja mlango wa jamii nzima. Akigombana nawe jamii yote imefungwa.

Kutuma kijana wa masomo kwa vitendo kwenda kwa chifu peke yake. Chifu anasoma hilo kama dharau.

Kuita mashirika mengine ya eneo kwa uzinduzi tu. Waite kabla, mgawane vijiji, unaweza kukuta mko watatu mnafundisha akina mama wale wale kuosha mikono.

Kubadilisha uamuzi wa mkutano kwa simu. Hata kama uamuzi ulikuwa mbaya, waite tena.

Ukikwama

*MCA anataka jina lake kwa tangi.* Usimkatalie mbele ya watu. Nenda kwake na kanuni iliyoandikwa kabla, kwamba bango linataja wodi, kaunti, jamii na mfadhili, na hakuna jina la mtu, hata la mkurugenzi wenu. Mualike siku ya kufungua na umpe nafasi ya kuongea. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, kwa hivyo kuanzia sasa wagombea watakuja wengi, wape wote jibu moja, na ujue sheria hairuhusu shirika kumpigia debe mgombea.

*Watu wanakuja kwa sababu ya nauli tu.* Punguza mikutano uende kwao. Mkutano wa chama cha akina mama unaofanyika kila Jumatano hata bila wewe, omba dakika ishirini hapo, hauhitaji nauli ya mtu.

*Mtu mmoja anaongea kila mkutano mpaka wengine wanachoka.* Mpe kazi ya kuandika kumbukumbu na kuzisoma mwisho. Kama bado, muone kwake jioni umuulize kinachomsumbua, mara nyingi kuna jambo la zamani la shamba ama mradi ulioliwa.

*Kikundi kimegawanyika mara mbili.* Usichague upande, na usikubali kupokewa chakula na upande mmoja. Wakutanishe na mzee ama mchungaji ambaye wote wanamheshimu, na wewe uwe mwandishi tu. Pesa isimame mpaka wakubaliane, na useme hivyo mbele ya wote wawili pamoja.

*Pesa imepotea kwa mhazini.* Hesabu kwanza, sema baadaye. Mpe siku saba alete risiti, kwa barua. Kisha kamati nzima ione hesabu kabla ya chifu ama polisi. Usiiandike kwa grupu ya WhatsApp, kuna mtu alikufa moyo kabisa kwa kosa la kujumlisha.

*Ofisi ya kaunti hawajibu barua.* Barua ipelekwe kwa mkono, kopi igongwe muhuri wa kupokelewa, uandike jina la aliyepokea. Rudi baada ya siku saba na hiyo kopi. Nenda na mwenyekiti wa kamati, mwananchi wa hapo, yeye husikilizwa kuliko wewe.

*Nilimruka mtu na sasa amekasirika, nimechelewa?* Haujachelewa, lakini usimpigie simu. Nenda mwenyewe, asubuhi, na mtu mmoja anayemheshimu. Kaa pale utaonyeshwa. Sema "nilikosea, nilipaswa kuanza kwako" na usiongeze "lakini." Akilalamika msikilize mpaka amalize, hata kama ni saa nzima na hata kama kuna mengine si ya kwako. Muulize "wewe ungefanyaje?" na uandike. Siku hiyo ya kwanza usitoe karatasi yoyote ya kusaini, iache kwa begi, na usiende na mpiga picha. Rudi wiki inayofuata siku ile ulisema.